Kugeuza Miguu Nje Bila Kuumiza Magoti: Mwongozo Kamili kwa Anayeanza Baleti

Karibu kila mtu mzima anayeingia darasa la baleti kwa mara ya kwanza hukwama mahali pamoja, na mahali penyewe si kwenye kuruka wala kwenye kuzunguka kwa mguu mmoja, bali ni kwenye kusimama tu. Mwalimu hutaja nafasi ya kwanza, yaani kusimama visigino vikigusana na vidole vikielekea nje. Mwanafunzi hutazama miguu ya walio mbele yake, akakutanisha visigino, akasukuma vidole kushoto na kulia mpaka nyayo zikafanya mstari ulionyooka kama rula. Wiki chache baadaye goti huanza kuuma upande wa ndani, upinde wa wayo hulala, na miguu haijageuka zaidi ya ilivyogeuka siku ya kwanza.

Maswali ninayoletewa na wanaoanza ni ya aina nyingi, lakini mengi hurudi hapo hapo. Kwa hiyo mwongozo huu hauelezi baleti yote. Unashughulikia miezi 3 ya kwanza ya mtu mzima, au kijana aliyekwisha kupevuka, anayehudhuria darasa mara moja au mbili kwa wiki na kufanya mazoezi mafupi nyumbani. Kila hatua imejengwa juu ya kanuni moja: mgeuko hutoka nyongani, na wayo hufuata.

Aliyewahi kufanyiwa upasuaji wa goti au nyonga, pamoja na mjamzito, amwone daktari kabla ya kuanza.

## Vifaa vya kuandaa

Viatu laini vya baleti. Viko vya ngozi na vya kitambaa kizito. Vya ngozi hulegea kadiri vinavyovaliwa na hudumu zaidi. Vya kitambaa hufuliwa kwa urahisi. Kiatu kinapaswa kubana kama soksi mpya, vidole vikiwa vimenyooka ndani yake bila kujikunja. Usinunue kikubwa kwa matumaini kwamba utakizoea, kwa sababu kitambaa kinachobaki mbele ya vidole hukunjamana na kukutelezesha. Nashauri anayeanza achukue chenye soli nzima badala ya soli iliyokatwa katikati, kwa kuwa wayo hulazimika kufanya kazi kuipinda, na kazi hiyo ndiyo inayoujenga.

Viatu vingi huuzwa lastiki ikiwa bado haijashonwa. Kunja sehemu ya kisigino ya kiatu kuelekea ndani mpaka ilale juu ya soli. Mahali mkunjo unapokata ukingo, kushoto na kulia, ndipo ncha za lastiki zinaposhonwa. Ndani ya ukingo kuna uzi mwembamba wa kukazia kiatu: sindano isiupitie, la sivyo hutaweza kuuvuta tena. Ukishaukaza, ufunge fundo na uusukumie ndani, usining'inie.

Mavazi yanayoonyesha goti. Suruali ya kubana na fulana vinatosha. Anayejisitiri anaweza kuvaa fulana ya mikono mirefu na hijabu ya michezo bila kupoteza chochote. Kinachozuia kazi ni vazi pana kama dera, kwa sababu goti likianguka ndani, wewe hutaliona na mwalimu wako pia hataliona.

Mahali pa kushikia. Darasani kuna mhimili ukutani, yaani gongo refu la kushikia. Nyumbani tumia mgongo wa kiti kizito cha mbao au ukingo wa meza ya jikoni, kimo chake kikiwa kati ya kiuno na kiwiko. Kiti cha plastiki hakifai, kwani kitapinduka siku utakayokiegemea kwa kweli.

Sakafu. Mbao ni bora kuliko zote. Vigae na saruji vinatosha kwa mazoezi ya humu, kwa sababu hakuna kuruka, lakini usirukie juu yake kamwe. Ugumu wake huishia kwenye miundi na magoti. Zulia nene nalo ni baya, kwa kuwa hushika wayo huku mwili ukiendelea kugeuka.

Ongeza soksi nzito, sarafu 6 nyembamba, utepe wa kubandika, limau moja, na kioo kirefu. Kama kioo hakipo, simu iliyosimamishwa sakafuni ikirekodi inatosha.

## Hatua ya 1: Pasha mwili joto

Tembea mahali pamoja, zungusha mabega, pandisha magoti kwa zamu, zungusha vifundo vya miguu, kwa dakika 7 hadi 10, mpaka jasho jembamba lianze kutoka. Usianze kwa kujinyoosha kwa nguvu. Kujivuta kwa muda mrefu huwekwa mwisho wa mazoezi, misuli ikiwa imeshachangamka.

## Hatua ya 2: Pima mgeuko wako wa kweli

Hatua hii ndiyo inayorukwa na wengi, nayo ndiyo inayookoa magoti. Ifanye kwa utulivu.

Vaa soksi, simama juu ya vigae vikavu, nyayo zikiwa sambamba na visigino vikigusana, mkono mmoja ukiwa juu ya kiti. Nyoosha magoti bila kuyasukuma nyuma. Peleka uzito kidogo kwenye visigino, legeza sehemu ya mbele ya nyayo, kisha geuza mapaja. Fikiria upande wa ndani wa paja ukijisogeza mbele, huku misuli iliyo chini kabisa ya makalio ikijikusanya. Nyayo zitateleza zenyewe kufuata mapaja, na zitakaposimama, usiongeze chochote. Bandika utepe sakafuni kufuata mwelekeo wa kila wayo.

Pembe unayoiona ndiyo nafasi yako ya kwanza. Kwa wengi wanaoanza ni kama nyuzi 90, au zaidi ya hapo kidogo. Nyuzi 180 zinazoonekana kwenye picha ni za watu wachache waliozaliwa na nyonga za umbo fulani na kuzifanyia kazi tangu utotoni.

Soksi zina sababu yake. Kiatu kikishikana na sakafu, msuguano hukuwezesha kuutia wayo mahali ambapo misuli yako haiwezi kuushikilia. Soksi huondoa msaada huo wa uongo, ukabaki na kile ambacho nyonga yenyewe inakimudu.

Inafaa kuelewa kinachotokea ndani ya mguu. Kichwa cha mfupa wa paja ni cha mviringo na kimekaa ndani ya kikombe cha nyonga, kwa hiyo paja linaweza kuzunguka, na mwisho wa mzunguko huo huamuliwa kwa sehemu kubwa na umbo la mifupa yenyewe. Goti ni kama bawaba ya mlango; kazi yake kubwa ni kukunja na kukunjua. Unapousukuma wayo nje kupita uwezo wa nyonga, ziada hiyo lazima itoke mahali pengine, nayo hutoka kwenye muundi unaojipinda chini ya goti na kwenye kifundo kinachoangukia ndani.

Onyo. Kuna ujanja ambao kila darasa huugundua bila kufundishwa: mtu hukunja magoti, akapanga nyayo nje kabisa, kisha akanyoosha magoti. Ujanja huu hufanikiwa kwa sababu goti lililokunjwa huruhusu muundi kuzunguka kidogo, ilhali likinyooka hujifunga, na msokoto ule ukafungiwa ndani yake. Katika mwaka wangu wa kwanza nilisimama hivyo kwa miezi kadhaa, mwalimu niliyekuwa naye akisifu mstari wa nyayo zangu, mpaka asubuhi moja nikashindwa kushuka ngazi bila kushika ukuta. Nilipumzika wiki 6, kisha nikaanza tena na pembe ndogo.

Utajua umefaulu ukiweza kuinua vidole vyote 10 kutoka sakafuni na pembe isibadilike. Mguu mmoja ukigeuka zaidi ya mwingine, ambalo ni jambo la kawaida, fuata pembe ya ule mdogo kwa miguu yote miwili.

## Hatua ya 3: Jenga nafasi ya kwanza kutoka chini kwenda juu

Vua soksi. Weka sarafu 3 chini ya kila wayo: moja chini ya mzizi wa kidole gumba, ya pili chini ya mzizi wa kidole kidogo, ya tatu katikati ya kisigino. Simama juu yake kwa pembe uliyoipima, kisha uliza kila sarafu kama inabanwa sawa na nyenzake. Wengi hugundua kwamba ile ya kidole gumba inabanwa sana na ile ya kidole kidogo haisikiki kabisa. Hiyo ni dalili ya wayo ulioangukia ndani. Usiirekebishe kwa kupindisha kifundo. Geuza paja nje kidogo zaidi, na utaona upinde wa wayo ukiinuka wenyewe.

Panda kwenye magoti. Vikombe vya goti vielekee kule kule kidole cha pili kinakoelekea. Ikiwa magoti yako hurudi nyuma kupita mstari wa mguu, kama ilivyo kwa watu wengi wenye viungo vilegevu, yanyooshe mpaka yawe sawa na uishie hapo, hata kama utahisi kana kwamba bado yamekunjwa.

Kisha nyonga. Makosa hapa ni mawili na yanapingana: kubinua makalio nyuma ili kupata mgeuko zaidi, na kuyaingiza chini kwa nguvu ili kuonekana mnyoofu. La kwanza huumiza mgongo wa chini. La pili hukaza misuli ya mbele ya paja na kuyafungia nje yale misuli madogo ya ndani yanayogeuza mguu. Simama ukiwa umeegemeza mgongo ukutani: kiganja kimoja kinapaswa kupita kwa shida kidogo kati ya kiuno na ukuta. Kikipita kwa urahisi umebinua, na kisipopita kabisa umeingiza mno.

Mbavu zishuke, mabega yatulie, shingo irefuke kama ya mtu aliyezoea kujitwika ndoo ya maji kichwani. Mfano huu nautumia sana darasani, kwa kuwa aliyewahi kujitwika anaujua mkao huo tayari mwilini mwake na hahitaji maelezo mengine.

Utajua umefaulu ukiweza kusimama hivyo kwa dakika 1 nzima, ukiuachilia mhimili mara kwa mara, bila vidole vya miguu kung'ang'ania sakafu.

## Hatua ya 4: Iamshe misuli inayogeuza

Chini ya misuli mikubwa ya makalio kuna misuli 6 midogo inayozungusha paja nje. Kwa mtu aliyekaa ofisini au kwenye matatu kutwa nzima, mara nyingi imedhoofika.

Lala kwa ubavu, magoti yakiwa yamekunjwa na visigino vikigusana, nyonga moja ikiwa juu ya nyingine sawasawa. Inua goti la juu taratibu kama chaza anayefunguka, visigino visiachane, kisha lishushe taratibu zaidi. Fanya mara 12, pumzika, rudia, halafu geukia ubavu wa pili.

Weka mkono kwenye nyonga ya juu. Ikiwa inarudi nyuma goti linapopanda, umepandisha kupita kiasi na mgongo ndio unaofanya kazi. Punguza. Mwako unapaswa kusikika ndani ya kalio, chini na nyuma. Ukiusikia mbele ya paja, sogeza magoti mbele kidogo na ujaribu tena.

## Hatua ya 5: Plie

Plie ni kukunja magoti, nayo ni zoezi la kwanza katika karibu kila darasa. Neno ni la Kifaransa kama istilahi nyingi za baleti, na utalisikia hivyo hivyo Nairobi, Havana au Moscow.

Simama katika nafasi ya kwanza. Kwa hesabu 4 kunja magoti yakifuata mwelekeo wa vidole, mgongo ukiwa wima kama unaoteleza kwenye nguzo. Ishia pale visigino vinapotaka kuinuka. Kwa hesabu 4 nyingine panda, ukiyakutanisha mapaja kutoka juu. Usikae chini hata nukta moja. Mwili usimame pale chini kwa muda wa jiwe lililorushwa juu kabla halijaanza kurudi, yaani karibu haupo.

Tazama chini mara moja ukiwa umekunja. Ukikiona kidole gumba kikichungulia upande wa ndani wa goti, uko sawa. Goti likikificha, limeangukia ndani: punguza pembe ya nyayo, usipunguze kina cha plie.

Baada ya wiki 4 hivi, mwalimu wako ataongeza plie kubwa, ambamo mapaja hushuka karibu yalale. Visigino huinuka katika nafasi zote isipokuwa ya pili, ambayo nyayo zimeachana. Usiiharakishe, kwani goti lililokunjwa kabisa hubeba mzigo mkubwa, na kosa dogo la mwelekeo hapo huuma kuliko kosa kubwa la kusimama.

Utajua umefaulu ukifanya plie 8 mfululizo na sarafu zote 6 zikabanwa kwa uzito ule ule, kushuka na kupanda.

## Hatua ya 6: Tandu

Kwa Kifaransa neno hili lina maana ya kitu kilichonyooshwa. Halina uhusiano na tandu wa kwetu mwenye miguu mingi. Mguu mmoja husimama, mwingine husugua sakafu kwenda mbele, pembeni au nyuma mpaka ubaki umegusa kwa ncha pekee.

Utaratibu wa wayo haubadiliki: kisigino huinuka kwanza, kisha mzizi wa vidole, mwisho hubaki ncha. Kurudi ni kinyume chake, ncha, mzizi, kisigino. Sikiliza. Soli ikisugua vizuri hutoa mlio laini na mrefu, kama ufagio kwenye sakafu kavu. Usiposikia kitu, umeuinua mguu na kuutua, na hujafanya tandu.

Ili mgeuko usipotee, kumbuka kinachotangulia. Kwenda mbele kisigino huongoza, na kurudi vidole huongoza. Kwenda nyuma vidole huongoza, na kurudi kisigino huongoza. Kwenda pembeni nyonga hubaki sawa. Ikiinuka hata kidogo, umeupeleka mguu mbali kupita urefu wake.

Nimeona wanafunzi wengi wakihamishia uzito kwenye mguu unaosugua bila kujua. Jaribu hivi: mguu ukiwa umefika mwisho, uinue upana wa kidole kimoja kutoka sakafuni. Mwili ukiyumba, uzito ulikuwa mahali pasipo pake.

## Hatua ya 7: Kupanda juu ya vidole

Releve ni kuinua visigino mpaka usimame juu ya mizizi ya vidole. Anza na nyayo sambamba, limau likiwa limebanwa kati ya vifundo, chini kidogo ya mifupa inayojitokeza. Panda kwa hesabu 2, shuka kwa hesabu 4. Limau likianguka, vifundo vimepinda nje, na huo ndio mkao unaoteguza miguu. Uzito ukae kati ya kidole gumba na cha pili.

Ukishaweza kupanda na kushuka mara 15 bila limau kuanguka, ondoa limau na urudie katika nafasi ya kwanza. Kwenye mguu mmoja usianze kabla ya mwezi wa pili.

Viatu vigumu vya kusimamia ncha ya vidole havimo katika miezi hii 3. Watoto kwa kawaida hawavivai kabla ya miaka 11 au 12, na hapo ni baada ya mafunzo ya miaka kadhaa. Mtu mzima naye huhitaji kwanza miaka ya kujenga vifundo na vigimbi. Ukiviona vinauzwa mitumbani kwa bei nzuri, viache. Kila jozi hulingana na mguu wa mtu, na iliyokwisha kulegea haiwezi kukubeba.

## Kuhusu mikono

Katika miezi hii inatosha mikono ishuke mbele ya mapaja kwa umbo la yai, viwiko vikiwa vimepinda kidogo, au mmoja ufunguliwe pembeni chini kidogo ya bega. Jambo moja huwachanganya wanaojifunza kwa video: mitaala hutofautiana kwa majina. Mikono yote miwili ikiwa juu ya kichwa, wanaofuata njia ya mwalimu Mrusi Agrippina Vaganova huiita nafasi ya tatu, ilhali wanaofuata njia ya mwalimu Mwitaliano Enrico Cecchetti huiita ya tano. Fuata jina la darasa lako.

## Maumivu ya kuheshimu

Mwako ndani ya makalio, mapaja na vigimbi, pamoja na uchovu wa siku moja au mbili, ni wa kawaida. Maumivu makali upande wa ndani wa goti, kubanwa mbele ya nyonga, kuuma kwa kano iliyo juu ya kisigino, au muundi unaouma ukiubonyeza, ni amri ya kusimama siku hiyo hiyo. Yakiendelea baada ya siku kadhaa za kupumzika, mwone daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kurudi darasani.

## Ratiba, na kipimo cha mwezi wa tatu

Nyumbani dakika 20 mara 3 kwa wiki zinatosha. Wiki 2 za kwanza fanya Hatua ya 1 hadi ya 4 pekee. Wiki ya 3 ongeza plie, ya 5 ongeza tandu, ya 7 ongeza releve. Darasani utafanyishwa mengi zaidi, na uyafanye, ila kwa pembe yako. Mwalimu akikutaka ugeuze zaidi, mwombe akuonyeshe kutoka nyongani. Mwalimu mzuri atafurahi kuulizwa. Fika mapema, kwa sababu plie za mwanzo ndizo zinazouandaa mwili kwa yote yanayofuata.

Mwezi wa tatu ukiisha, rudia jaribio la soksi karibu na utepe wa kwanza. Huenda mstari mpya ukapita ule wa zamani kwa nyuzi chache tu, na huenda ukalingana nao. Tazama zaidi kama pembe hiyo inabaki ile ile katikati ya tandu ya nane, mguu ukiwa umechoka.

Kisha vua viatu, uvigeuze, na uzitazame soli chini ya mwanga. Ngozi ikiwa imelika sawasawa chini ya kidole gumba, kidole kidogo na kisigino, endelea. Ikiwa imelika ukingo wa ndani pekee, hata kama hakuna kinachouma bado, bandika utepe upya na uanze tena Hatua ya 2.